Mcheke Mkubwa, Ulale Kwako: Mwongozo kwa Msanii wa Uswahilini

Mwongozo huu ni wako wewe mchekeshaji wa Mbagala Rangi Tatu unayerekodi vichekesho uani huku shangazi akipita na ndoo nyuma yako. Ni wako wewe mchoraji wa Tandale unayemchora diwani akisukuma bodaboda iliyozama kwenye dimbwi la barabara aliyoahidi kuitengeneza. Ni wako wewe kijana wa Mwananyamala unayeimba singeli na kulitaja daraja lisilojengwa katikati ya ubeti. Una jambo la kuwaambia wakubwa, na umeamua kulisema kwa kicheko. Umeamua vyema. Kicheko hakivunji kioo cha gari wala hakimwagi damu ya mtu, na kinafika mahali ambapo hotuba haifiki. Lakini kwetu Tanzania kimewahi kuwafikisha watu kituoni, mahakamani na gerezani, kwa hiyo usitoke nyumbani kabla hujausoma mwongozo huu mpaka mwisho.

Kwanza ujue unaingia uwanja gani. Machi 26, 2017, Nay wa Mitego, mtoto wa Manzese, alikamatwa akiwa mkoani Morogoro kwa sababu ya wimbo wake "Wapo". Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia. Kesho yake Rais John Magufuli akasema wimbo ni mzuri, akaagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe redioni, hata akapendekeza mwimbaji awaongeze humo wakwepa kodi na wengineo. Vijiwe vya Manzese vilishangilia. Siku tisa baadaye, usiku wa Aprili 5, Roma Mkatoliki, ambaye mashairi yake ya siasa yalikuwa yanajulikana nchi nzima, alichukuliwa na watu wasiojulikana pamoja na wenzake kutoka studio ya Tongwe Records, Masaki, ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Walionekana tena Aprili 8, na Roma akawaeleza waandishi wa habari jinsi walivyofungwa vitambaa usoni na kupigwa.

Yatazame matukio hayo mawili kwa pamoja. Nay aliachiwa kwa sababu mkubwa alifurahi. Furaha ya mkubwa ni jambo jema, ila huwezi kuifungulia kesi ikikosekana, na haikumkinga Roma wiki iliyofuata. Ndiyo maana mwongozo huu una nia moja tu: haki ya kumcheka kiongozi isitegemee ameamkaje asubuhi hiyo. Mpaka haki hiyo itakapokaa kwenye sheria na kuheshimiwa vituoni, itakubidi utumie akili. Fuata hatua hizi.

Vifaa

Kabla hujawasha kamera wala kuchovya brashi, hakikisha unavyo vifuatavyo.

Laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako mwenyewe. Hiki ndicho kifaa cha kwanza, na kina historia. Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa ya 2014, alikamatwa baada ya kusambaza video akiangua kicheko mbele ya picha ya zamani ya Rais Magufuli, aliyevaa suti iliyomzidi mwili. Alishikiliwa zaidi ya wiki moja. Alipofikishwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu Mei 27, shtaka alilosomewa halikutaja kicheko wala suti. Lilihusu laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Baadaye mwaka huohuo akasomewa shtaka jingine, la kurusha maudhui mtandaoni bila leseni. Chukua funzo: anayekutafuta akikosa kosa kwenye kichekesho, atapekua mifuko. Mifuko yako na iwe safi.

Namba mbili za simu kichwani: ya wakili au msaidizi wa kisheria, na ya ndugu anayepokea simu hata usiku wa manane. Zikariri. Simu yako itachukuliwa mapema, na namba zote ulizozihifadhi humo zitaondoka nayo.

Kitambulisho cha NIDA na wadhamini wawili ambao mmezungumza mapema. Dhamana kwetu huja na masharti ya barua ya serikali ya mtaa, kwa hiyo kaa vizuri na mwenyekiti wa mtaa wako. Ikiwa ndiye unayemcheka, basi awe na mjumbe mwenye moyo mpana.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hukabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi na kuwekwa mezani bungeni Aprili, kila mwaka. Matumizi yake utayaona katika hatua ya kwanza.

Mwisho, jirani mwenye sauti kubwa. Usimdharau. Kila mtaa wa Temeke unaye, na kuna usiku utamhitaji kuliko kamera.

Hatua ya kwanza: Chagua kwa makini unachokicheka

Cheka tendo. Cheka ahadi iliyokufa, zabuni iliyoliwa, msafara wa magari 20 kwenda kuzindua bomba moja la maji, mkutano wa saa 6 wa kujadili kubana matumizi. Acha kilema cha mtu, maradhi yake, kabila lake, dini yake na watoto wake. Ninasema hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni utu: ombaomba wa pale Mtoni kwa Azizi Ali ana kilema kilekile, na ukimcheka waziri kwacho, huyu wa barabarani ndiye anayeumia. Ya pili ni nguvu ya kazi yako. Kiongozi aliyechekwa mwili wake huonewa huruma na watu. Aliyechekwa kwa jambo alilolifanya hubaki na jambo hilo mikononi mbele ya macho ya wote.

Hapa ndipo ripoti ya mkaguzi inapokuwa chombo chako. Ndani yake kuna fedha zilizolipwa mara mbili, magari yanayokunywa mafuta yakiwa yameegeshwa, miradi iliyokamilika kwenye makaratasi tu. Huna haja ya kubuni. Chukua aya moja, itafute maana yake kwa mtu wa Tandika, kisha ifanye igizo la dakika mbili. Mtu akisema umesema uongo, mwoneshe ukurasa. Msanii mwenye ukurasa mkononi ni mgumu kushtakiwa kwa uzushi, na hata akishtakiwa, wakili wake ana pa kuanzia.

Hatua ya pili: Ijue sheria kabla haijakujua wewe

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Isome, iandike ukutani studio. Kisha usome na zile zinazokuja chini yake, maana huko ndiko watu wanakonaswa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo mtandaoni, na faini zake zinahesabiwa kwa mamilioni. Mwaka 2016, mahakama jijini Arusha ilimhukumu kijana mmoja faini ya shilingi milioni 7 au miaka mitatu jela kwa maneno ya kumkashifu Rais kwenye Facebook. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya 2020, zinamtaka mwenye televisheni ya mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Zilipotoka mara ya kwanza, gharama zake kwa mwaka wa kuanza zilifika kama shilingi milioni 2. Pima kiasi hicho kwa mapato ya kijana anayeuza barafu Mbagala na kurekodi vichekesho Jumapili, utaona ni nani aliyefungiwa mlango kabla hajagonga. Halafu kuna BASATA, iliyoundwa kwa sheria ya 1984, yenye uwezo wa kusajili wasanii na kufungia nyimbo, na Bodi ya Filamu kwa wale wa picha zinazotembea.

Jisajili unapotakiwa kusajiliwa. Wapo wanaoona kwamba kujisajili ni kukubali minyororo, na hoja yao ninaiheshimu. Lakini ukikaa bila kibali, umempa mwenye hasira kosa jepesi la kukushtaki nalo, na kesi yako itakuwa ya kibali badala ya kuwa ya uhuru wa kusema. Mnyime nafasi hiyo, ili siku akija alazimike kutamka mbele ya hakimu kwamba kilichomleta ni kicheko.

Hatua ya tatu: Jifunze fumbo kwa waliotangulia

Hujaanza wewe. Mwaka 1951, chini ya serikali ya Mwingereza, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, hadithi ya nchi ya kufikirika iliyo angani, ambamo kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Kila msomaji alijua nchi hiyo iko wapi. Waimbaji wa taarabu wa Dar es Salaam nao walikuwa mabingwa: katika miaka ya 1990 Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano walirushiana mipasho na ukumbi mzima ukajua nani kalengwa, ingawa hakuna jina lililotajwa. Profesa Jay, katika "Ndio Mzee" ya 2001, alijivisha joho la mwanasiasa anayeahidi kila kitu chini ya jua. Hakumtaja mtu, na kila mtu alimtambua mbunge wake. Baadaye mwenyewe akawa mbunge wa Mikumi. Mrisho Mpoto akamsemesha mkubwa kwa ushairi akimwita "Mjomba". Masoud Kipanya akamkabidhi panya mdogo kazi ya kuwatazama wakubwa katika magazeti, na panya huyo anasema maneno machache kuliko mhariri yeyote.

Jifunze hapo kanuni tatu. Jitie wewe mwenyewe ndani ya nguo za mkubwa, aseme mwenyewe upuuzi wake. Weka mnyama au nchi ya mbali mahali pa mtu. Na acha neno la mwisho likamilishwe na msikilizaji, kwa sababu kicheko alichokikamilisha mwenyewe ni chake na hakitoki kichwani mwake.

Lakini usilitegemee fumbo peke yake. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua, na ofisini kwa wakubwa wapo werevu. Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kwenda Nairobi kuchora katika magazeti ya Nation, alimchora Rais Jakaya Kikwete kwenye The EastAfrican Januari 2015. Mwezi huohuo gazeti hilo likapigwa marufuku Tanzania, sababu iliyotolewa ikiwa ni usajili. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado haukuongezwa. Hakufungwa, ila meza yake ya kuchorea iliondolewa. Wakati mwingine fumbo huchelewa kuwafikia watu: tamthilia ya Euphrase Kezilahabi, Kaputula la Marx, inayoukejeli ujamaa, iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuchapishwa 1999. Kizazi kizima kilikosa kucheka kwa wakati wake. Na ukiona fumbo lako limekuwa zito hata mama yako halielewi, punguza.

Hatua ya nne: Usifanye peke yako

Kidole kimoja hakivunji chawa. Msanii anayefanya kazi peke yake chumbani Bunju akichukuliwa Jumatatu, huenda watu wakajua Ijumaa. Unda kikundi cha watu watano au sita. Mmoja ashike nywila za kurasa zenu ili kazi isifutwe kwa kulazimishwa. Mmoja awe na mfuko wa dharura, hata kama ni shilingi 2,000 kila wiki kwa kila mtu, kwa nauli, chakula cha mahabusu na gharama za mahakama. Mmoja ajue njia ya kufika Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pale Kijitonyama, na awe na mawasiliano ya Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu na Chama cha Mawakili Tanganyika. Nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kwa ajili ya asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Itumie, ni yako.

Kisha kuna kelele. Roma na wenzake walipochukuliwa, wasanii hawakusubiri. Walikusanyika, wakasimama mbele ya kamera, na redio zikawa na swali moja kutwa nzima: Roma yuko wapi? Siku ya tatu walipatikana. Huko Kenya, mchoraji wa vivuli anayejulikana kama Kibet Bull alitekwa Desemba 24, 2024 baada ya picha zake za kumkejeli Rais William Ruto kuenea. Vijana waliingia barabarani Nairobi, mahakama ikaulizwa, na Januari 6, 2025 akawa huru. Ukimya ndio rafiki wa mtekaji, na wala hauwalindi waliobaki.

Hatua ya tano: Wakija

Uliza mambo matatu kwa sauti ya heshima lakini inayosikika: ninyi ni akina nani, nakamatwa kwa kosa gani, na napelekwa kituo kipi? Polisi halali ana kitambulisho na ana jibu. Usikimbie, usisukumane, usitukane, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo ni shtaka jipya. Kama hawana kitambulisho wala jibu, ndipo yule jirani mwenye sauti anapofanya kazi yake. Apige kelele, majirani watoke, wasome namba ya gari, wapige picha, wafuate kwa bodaboda mpaka waone gari limeingia wapi: Chang'ombe, Oysterbay, au Kituo Kikuu.

Ukifika kituoni, kumbuka sheria inasemaje. Una haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Kwa makosa kama haya, sheria ya mwenendo wa jinai inataka mtu asiyepewa dhamana polisi afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mapema inavyowezekana baada ya hapo. Kesi ya Idris imekwisha kukuonesha kwamba saa hizo zinaweza kugeuka siku nane. Kwa hiyo kikundi chako kihesabu saa tangu ulipochukuliwa, na saa 24 zikipita, wakili aende mahakamani kuomba polisi waamriwe kukufikisha mbele ya hakimu.

Usisaini maelezo ambayo hujayasoma. Usikubali kosa ili uende nyumbani mapema, hata ukiahidiwa kwamba yatakwisha hapohapo. Na usiombe msamaha kwa kumcheka mtu aliyekula fedha za dawa za Hospitali ya Temeke. Ikiwa ulisema uongo, kiri na urekebishe, huo ni uungwana. Ikiwa ulisema kweli, iache isimame.

Hatua ya sita: Ukifungwa

Hili linaweza kutokea hata ukifuata kila neno la mwongozo huu, na sitakudanganya. Februari 26, 2018, Joseph Mbilinyi, Sugu, mmoja wa waasisi wa bongo fleva na wakati huo mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa miezi mitano jela kwa maneno juu ya Rais aliyoyatoa kwenye mkutano wa hadhara. Alitoka Mei 10 kwa msamaha wa Rais. Julai 4, 2024, mahakama ya Rungwe mkoani Mbeya ilimhukumu msanii mchoraji Shadrack Chaula, kijana wa miaka 24, miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni 5. Alikuwa ameweka TikTok video akiichoma picha ya Rais Samia Suluhu Hassan na kutoa maneno makali. Mawakili waliuliza hadharani ni sheria ipi inayokataza kuchoma picha. Wananchi wakachanga, faini ikalipwa, akatoka.

Ukiwa ndani, andika. Huu ni ushauri uliojaribiwa na watu wetu wenyewe. Abdilatif Abdalla alikamatwa Mombasa Desemba 1968 kwa kijikaratasi kilichouliza Kenya inakwenda wapi, akafungwa miaka mitatu, na akatunga gerezani kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyokuja kuwa Sauti ya Dhiki. Diwani hiyo ilichapishwa 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Alipotoka alikuja Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Mlimani kikampa kazi katika taasisi yake ya uchunguzi wa Kiswahili. Jiji hili, basi, limewahi kuwa kimbilio la mshairi aliyefungwa na jirani. Linaweza kuwa hivyo tena, kwanza kwa watoto wake lenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alikaa Kamiti kwa karibu mwaka mzima wa 1978 baada ya tamthilia ya Kamĩrĩĩthũ, akatoka na riwaya. Alamin Mazrui alifungwa bila kushtakiwa mwaka 1982, na mashairi ya kizuizini yakawa Chembe cha Moyo. Gereza lilikula miaka yao, na hatuna sababu ya kulishukuru. Lakini serikali zilizowafunga zimekwisha na vitabu vinasomwa madarasani.

Hatua ya saba: Kwako usiyechora wala kuimba

Kama umesoma mpaka hapa na kazi yako ni kuuza nguo Tandika au kushona viatu Magomeni, hatua hii ni yako. Unacheka video, unaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia, kisha mwenye video akikamatwa unasema aliyataka mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, unaongeza. Tafadhali acha methali hiyo ipumzike. Uliyecheka una deni kwa aliyekuchekesha.

Deni hilo hulipwa kwa mambo madogo. Changa anapotozwa faini. Hudhuria kesi Kisutu, kaa kwenye benchi, hakimu na waendesha mashtaka waone kwamba kuna macho. Mpelekee chakula aliyeko mahabusu ya Keko. Na akitoka, usimwache arudi peke yake. Kwa Chaula wananchi walilifanya jambo la kwanza kwa moyo mkubwa, lakini Agosti 2024, wiki chache baada ya kuachiwa, familia yake ilitangaza kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Michango ilimtoa gerezani, ila haikuweza kumlinda kijijini. Ulinzi wa mtu aliyeachiwa ni kazi ya dola, na dola isipoifanya, ni wajibu wetu kuiuliza kila siku kwa jina lake.

Hatua ya nane: Kwako mkubwa unayechekwa

Mwongozo usiokuhusu wewe, mheshimiwa, ungekuwa nusu. Kwa hiyo nakuandikia kwa heshima, hatua tatu fupi.

Ukioneshwa katuni yako, itazame mpaka mwisho kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Mara nyingi msaidizi aliyekuletea amekasirika kwa niaba yako kuliko unavyopaswa kukasirika wewe.

Pili, jiulize kama kilichosemwa ni kweli. Kama ni kweli, mjibu kwa kuitengeneza barabara, kisha mwalike mchoraji aje aichore upya. Kama ni uongo, una msemaji, una redio, una jukwaa, na una mahakama ya madai unakoweza kumdai mtu akuombe radhi kama raia mwingine yeyote anavyodai. Huhitaji gari la polisi.

Tatu, usitoe ruhusa ya kuchekwa kama zawadi. Rais Magufuli alipousifu "Wapo" alionesha kwamba mkubwa anaweza kusikia nyimbo za kumsema na nchi isianguke. Hilo lilikuwa jema. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2019, Idris Sultan alijibadilisha sura na Rais huyohuyo katika picha mbili za kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, na mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam akamtaka ajipeleke polisi. Kiongozi mmoja, kicheko kimoja, majibu mawili. Raia hawezi kuishi kwa kubahatisha hivyo.

Majirani wametuonesha kwamba inawezekana. Januari 2023, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria yao ya matumizi mabaya ya kompyuta, kifungu cha maudhi ya mtandaoni, kimoja kati ya vilivyotumika kumshtaki mwandishi Stella Nyanzi, aliyehukumiwa miezi 18 jela mwaka 2019 kwa shairi la kumsema Rais Museveni. Haikuhitajika huruma ya Rais. Majaji walisoma katiba na kuamua.

Ninawaomba wabunge wa Kinondoni, Temeke, Ubungo, Ilala na Kigamboni wapeleke bungeni marekebisho yatakayoondoa kifungo kwa maneno, picha na nyimbo zinazowahusu viongozi, na kumwachia aliyekashifiwa njia ya madai. Ninaiomba serikali ieleze hadharani Shadrack Chaula yuko wapi. Na wewe msanii wa uswahilini, sajili laini yako, kariri namba zako, tafuta wenzako watano, ufungue ripoti ya mkaguzi ya mwaka huu. Kuna kazi ya kufanya humo, na watu wa mtaa wako wanangoja kucheka.